Nataka upinde na bunduki ya bei nafuu ya kuwindia, lakini mke wangu amekataa katakata

Kwako Mjomba,

Pokea salamu kutoka Njoro. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ni kuuza vipuri vya pikipiki mjini Nakuru. Nimekusoma kwa muda mrefu bila kukuandikia. Leo nimeshika kalamu kwa sababu jambo hili limeleta ubaridi nyumbani na sioni pa kulianzia.

Ndugu yangu mdogo yuko Minnesota, Marekani. Kila Novemba yeye na wenzake wa kazini huingia msituni kuwinda kulungu wa huko, kisha ananitumia video. Nikifunga duka jioni na kufika nyumbani, hizo ndizo ninazotazama mpaka usingizi unichukue. Mjomba, damu yetu ni ya uwindaji. Babu mzaa baba alikuwa mwindaji, na upinde wake tuliukuta umening'inia juu ya meko ya bibi, mweusi tititi kwa moshi. Watoto hatukuruhusiwa kuugusa.

Desemba ndugu yangu anakuja likizo. Ameniambia nichague: aniletee upinde wa kisasa wenye kapi au bunduki ya hewa, au nimtumie pesa kidogo alete vyote viwili. Nimeweka akiba ya shilingi elfu 50. Nina rafiki mwenye shamba upande wa Elementaita. Anasema swala na kanga huingia kwake kila alfajiri, na nyani wanamaliza mahindi. Mpango wetu ni kuwinda Jumamosi moja moja, tupunge upepo, tuchome nyama, turudi nyumbani. Hatutaki kuuza chochote. Rafiki mwingine ananicheka, anasema bunduki ya hewa ni ya watoto na kwamba kuna njia ya kupata bunduki halisi kwa bei ya chini "kutoka kaskazini". Hilo nililiogopa, lakini limenikaa kichwani.

Sasa mke wangu. Alizaliwa Kuresoi, wakahamia Nakuru mjini akiwa kidato cha kwanza. Ni mpole, wala si mtu wa kunikataza mambo. Nilipomtajia upinde aliinuka mezani akaacha ugali wake ukiwa nusu. Akasema, "Hicho kitu kikiingia mlangoni, mimi na watoto tunatoka." Nikimuuliza sababu anasema ni pesa, karo ya Januari inakaribia. Lakini niliponunua televisheni ya elfu 38 hakusema neno. Rafiki yangu wa Elementaita amejitolea kunihifadhia upinde kwake ili mama watoto asijue.

Naomba unisaidie mambo matatu. Nichague upinde gani na bunduki gani kwa pesa hizi nisije nikauziwa takataka? Je, nimfiche mke wangu mpaka azoee? Na kwa vile binti yangu wa miaka 10 ameanza kuuliza kama naye atafundishwa, ana umri wa kutosha?

Mimi,
Mjukuu wa Mwindaji, Njoro.

*

Mpwa wangu,

Nimeisoma barua yako yote, na kabla sijagusa upinde wala bunduki nataka tulimalize swali ambalo hukuniuliza. Huo mpango wa Jumamosi hauwezekani. Kuwinda kwa kujifurahisha kulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na mwaka uliofuata serikali ikafunga biashara ya ngozi, pembe na vikumbusho vingine vya wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ililikazia neno hilo katika kifungu cha 96: kuwinda kama mchezo, au kwa starehe ya namna nyingine yoyote, ni kosa. Hata anayewinda kitoweo cha nyumbani kwake tu ana kifungu chake hapo mbele. Kwa hiyo ule utetezi wako kwamba hamtauza nyama hautawafikisha mbali mbele ya hakimu.

Wala msijifariji kwamba shamba ni la rafiki yako. Hatimiliki inampa udongo na mahindi. Swala aliyeruka ua akaingia humo bado ni mnyama wa pori na analindwa na sheria ile ile, na kanga ni hivyo hivyo. Wengi wanadhani ndege hawahesabiwi, kwa kuwa miaka ya nyuma watu walikuwa wakiwapiga kwa leseni. Nyani wanaomaliza mahindi ni shida ya kweli na siidharau, maana najua uchungu wa mkulima anayekuta mabua yamelala chini asubuhi. Dawa yake ni kuripoti kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na Nakuru hamna haja ya kusafiri, hifadhi ya ziwa iko mlangoni mwenu. Rafiki yako apige picha za uharibifu, aandike tarehe, aripoti kila mara unapotokea. Askari wa wanyamapori ndio wenye mamlaka ya kuamua mnyama msumbufu afanywe nini.

Na hiyo nyama ya kuchoma mliyoipangia ingenitia hofu hata kama sheria ingekuwa kimya. Mwaka 2015 ugonjwa wa kimeta uliingia katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru ukaua nyati wengi. Kimeta hukaa udongoni miaka na miaka, na humwingia mtu anayechuna mnyama akiwa na mchubuko mdogo tu mkononi. Nyama ya buchani imepita kwa mkaguzi wa afya, ya kichakani haijapita kwa mtu yeyote.

Kuhusu bunduki ya "kaskazini", usilirudie neno hilo hata kwa mzaha, na huyo rafiki umpunguze. Bunduki isiyo na cheti ni jela, tena ya miaka, si faini ya kulipa ukaenda zako. Na bunduki ya namna hiyo haiji mikononi mwako ikiwa safi. Kuna mfugaji iliyemlenga, au basi iliyolisimamisha barabarani, na siku polisi wakiipima risasi zake, mwenye kuulizwa maswali utakuwa wewe muuza vipuri wa Njoro.

Ya hewa nayo usiichukulie kama mwanasesere. Risasi yake ndogo, ya milimita 4.5 au 5.5, hutoboa fuvu la ndege na inaweza kumpofusha mtoto. Ichukulie kama bunduki yoyote nyingine: isikanyage Kenya kabla Bodi ya Leseni za Silaha haijatoa kibali kwa maandishi. Mwambie ndugu yako asithubutu kuificha kati ya nguo na zawadi za mama. Likizo yake inaweza kuishia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, akiwa amekaa kwenye benchi la chuma. Ukiamua kuomba cheti cha bunduki kwa njia ya halali, utachunguzwa mwenendo, utatoa alama za vidole, na utaulizwa unaihitaji kwa nini. Huwezi kujibu "kuwinda" katika nchi ambayo uwindaji huo haupo.

Mahali unapoweza kuwinda kwa haki yako ni nje. Tanzania, Uganda, Namibia na Afrika Kusini zina uwindaji wa leseni, na ndugu yako yuko mahali ambapo uwindaji ni sehemu ya maisha. Kama siku moja utamtembelea, nitakujibu swali la bunduki kwa dhati. Kwanza, usinunue. Marekani mgeni mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, isipokuwa ana leseni ya uwindaji ya huko au aliingia nchini kwa ajili ya uwindaji. Minnesota nayo humtaka kila aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa bunduki kabla ya kununua leseni ya kuwinda kwa bunduki. Wewe umo. Kwa hiyo kozi kwanza, leseni pili, kisha ndugu yako akuazime ya kwake, na uvae ile fulana ya rangi ya chungwa kali ili mwindaji mwenzako asikudhanie kulungu.

Yeye akitaka kununua ya bei nafuu, ile ya kuvuta komeo kwa mkono, risasi moja moja, ndiyo haina gharama kubwa wala matatizo mengi. Ruger American na Savage Axis zinajulikana kwa bei ya chini na kulenga vizuri kuliko bei yake. Kwa kulungu, risasi ya .243 haimpigi mtu bega sana, na .308 inapatikana karibu kila duka. Pesa iliyobaki aiweke kwenye darubini nzuri na risasi za mazoezi, maana bunduki ya bei ghali iliyofungwa darubini ya kubahatisha humwacha mnyama amejeruhiwa, akimbilie vichakani kufia huko. Katika mambo yote ya uwindaji, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu ambaye hawezi kupiga mduara wa upana wa sahani mara zote kwa umbali anaoutaka hana ruhusa ya kumlenga mnyama kwa umbali huo, awe na leseni au asiwe nayo.

Nije kwa mke wako, kwa sababu huo upinde hautakuwa na amani mpaka hili liishe.

Umeandika Kuresoi kwa haraka, kisha ukapita. Mimi nimesimama hapo. Umesema walihamia mjini akiwa kidato cha kwanza. Kaa chini uhesabu miaka yake, uone kama kidato cha kwanza hakiangukii mwanzoni mwa 2008. Wewe ni mtu wa Njoro, huna haja ya kusimuliwa na mimi. Molo na Kuresoi ziliungua katika mapigano ya kikabila ya 1992, Njoro ikafuata mapema 1998, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zikaungua tena. Watu walifikishwa hospitali ya Nakuru wakiwa na mishale mwilini, vigumba vikiwa ndani bado. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema. Mtoto wa miaka 14 aliyetoka Kuresoi mwaka ule, ukimtajia upinde mezani, hauoni ule wa kwenye video za Minnesota.

Sijamsikia yeye, na wewe ndiye utakayemsikia. Lakini mwanamke aliyenyamazia televisheni ya elfu 38 halafu akaacha ugali kwa kusikia neno moja hagombani nawe kwa sababu ya karo. Amekupa karo kwa kuwa ndilo jibu ambalo halimlazimishi kueleza lingine.

Mwulize, na namna ya kumwuliza ina uzito. Usimwulize "mbona unakataa?", kwa maana hapo umemweka kizimbani. Ngoja siku ambayo watoto wamelala na simu yako iko chumba kingine, umwambie umefikiri tena juu ya siku ile alipoinuka mezani, na kwamba ungependa kujua kilichompitia moyoni kama yuko tayari kukuambia. Halafu nyamaza. Usimweleze kwamba upinde wako ni wa mchezo, usimwonyeshe video, usimtajie babu. Asipotaka kusema usiku huo, mwambie si neno, na uache. Wapo watu mtaani kwenu waliokaa miaka na haya mambo bila kuyatamka hata kwa mchungaji, na ndoa nyingi za Nakuru zimejengwa juu ya kutoulizana mlitoka wapi na mlitokaje. Naandika hivi kwa uzito wote, mpwa wangu: kama jibu lake ni kwamba hawezi kukaa chini ya paa moja na upinde, basi usiingie nyumbani mwenu. Hapo hakuna la kujadiliana.

Na shauri la kuuficha Elementaita lifute. Siku atakapougundua, na atagundua, atajifunza kwamba umewahi kuweka silaha mahali fulani kwa siri. Kwa mtu aliyepitia yale, hakuna habari mbaya kuliko hiyo kusikia juu ya mume.

Kuna na majirani. Upinde ukibebwa waziwazi kutoka stendi ya Njoro hadi kwako hautazamwi kama mpira. Watu wataulizana, na mzee wa Nyumba Kumi ataupeleka ujumbe kwa chifu kabla hujafika mlangoni. Kwa hiyo ukifika hatua ya kuwa nao, ubebe ukiwa umefunguliwa vipande ndani ya mfuko uliofungwa. Mwone chifu wewe mwenyewe mapema, umweleze ni wa kulenga shabaha na utalengea wapi. Ukikaribia msimu wa uchaguzi, uweke kabatini na uufungie humo mpaka mambo yatulie. Na usiuingize kwenye hifadhi yoyote ya wanyama, hata ikiwa unapita tu.

Najua nimekunyang'anya mengi. Lakini hamu yako nimeiona, na naiheshimu. Upinde wa babu uliokuwa juu ya meko ni urithi. Serikali ya kikoloni ilimpa mzungu leseni ya kuwinda, na mzee kama babu yako, kwa mnyama yule yule, akaitwa jangili. Waokiek, jamii ya wawindaji wa msitu wa Mau na majirani zenu, walipigania msitu wao mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ikaamua Mei 2017 kwamba haki zao zimekiukwa. Hakuna aibu yoyote kwako kutaka kushika kitu ambacho wazee walikijua vizuri. Na upinde, tofauti na bunduki, hauhitaji cheti cha silaha, na kulenga shabaha kwa upinde ni mchezo wa Olimpiki ambao Kenya imeshacheza. Mwaka 2016 kule Rio, aliyeibeba bendera yetu kwenye ufunguzi alikuwa mlenga upinde, Shehzana Anwar. Chama cha mchezo huo kipo nchini. Watafute kabla ya Desemba, uende siku moja ushike upinde wa klabu na uvute chini ya macho ya mkufunzi. Huenda safari hiyo moja ikakuonyesha kwamba hutaki kununua chochote, na utakuwa umetumia nauli tu.

Ukiona bado unautaka, na mama watoto ameridhia kwa moyo wake na si shingo upande, achana na ule wa kapi. Najua ndio unaoonekana kwenye video. Kapi zake humfanya mtu akishauvuta wote ashikilie robo tu ya uzito, ndiyo maana wawindaji wanaupenda: wanaweza kungoja mnyama ageuke. Lakini wa kuanzia kwa ukamilifu wake unaanza dola 300 hadi 400, na uzi wake ukilegea au kapi ikisogea huwezi kuurekebisha nyumbani, unahitaji mashine ya kuubana. Wewe unajua mafundi wa pikipiki. Kwa huo utakuwa mateka wa mtu mmoja aliye Nairobi, kama yupo.

Chukua ule unaofunguka vipande vitatu, mpini wa mbao katikati na mabawa mawili yanayopinda mbele kwenye ncha. Samick Sage ndio uliozoeleka kwa miaka mingi kwa wanaoanza, na una ndugu zake wengi wa umbo hilo hilo kwa bei kati ya dola 100 na 150. Kwa dola ya shilingi 130 hivi, ni kama elfu 13 hadi elfu 19 na mia tano. Uzuri wake ni kwamba mabawa ndiyo hubeba uzito. Ukishapata nguvu mwakani, unanunua mabawa mengine mazito na mpini unabaki ule ule. Na ukifunguliwa unaingia kwenye sanduku la nguo. Ndugu yako aupakie kwenye mzigo wa chini ya ndege pamoja na mishale, asiupandishe mkononi, na aje na risiti, autangaze forodhani.

Kosa la wanaume wengi ni uzito. Watakuambia mwanamume ni pauni 50. Wewe chukua 25, sana sana 28, kama kilo 11 hadi 13. Utavuta mara sitini au mia kwa asubuhi moja, na mshale wa kumi ndio utakaokuambia kama bega lako lina uwezo. Anayeanza na mzito huvuta kwa kiwiko na shingo, mkono ukatetemeka, akajifunza vibaya tangu siku ya kwanza na kuumia bega juu yake. Ile namba iliyoandikwa kwenye bawa imepimwa ukivutwa inchi 28. Kila inchi unayopita inaongeza pauni mbili hivi, na unayopungukiwa inapunguza kiasi hicho. Kwa hiyo pima kwanza. Egemea ukuta, tandaza mikono yote, mwambie binti yako apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kile kingine kwa inchi, kisha gawanya kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anapata 28. Mtumie ndugu yako namba hiyo kabla hajaingia dukani.

Mtumie na hili: jicho lako lenye nguvu ni lipi. Nyoosha mikono mbele, tengeneza tundu dogo kati ya viganja, tazama saa ya ukutani kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha rudisha mikono usoni polepole bila kuipoteza saa. Tundu litaishia kwenye jicho moja. Kama ni la kulia, unavuta uzi kwa mkono wa kulia, hata kama unaandika kwa kushoto.

Akikuta uliotumika, usimkataze. Autazame kwa urefu kutoka chini, uzi ukiwa umefungwa, aone kama unapita katikati ya mabawa yote mawili. Ukienda upande, bawa limejikunja, auache. Kisha apitishe pamba taratibu juu ya mabawa. Pamba ikinasa nyuzi mahali, pana ufa ambao jicho halijauona.

Usibane pesa kwenye mishale. Inatakiwa ilingane na upinde kwa ugumu na urefu, kwa hiyo auze muuzaji baada ya kuambiwa uzito na ule urefu uliopima. Mshale mwepesi kupita kiasi huuvunja upinde karibu sawa na kuachia uzi mtupu bila mshale, jambo ambalo hupaswi kumruhusu mgeni yeyote anayeomba "nijaribu tu" alifanye. Ile ya kaboni, kila baada ya kugonga kitu kigumu ikunje kidogo karibu na sikio. Ikilia, ivunje uitupe, kwa kuwa ikipasuka wakati unaiachia, vibanzi vyake huingia kwenye mkono ulioshika upinde. Dazeni moja nzuri ni dola 40 hadi 60. Ongeza kinga ya vidole, kinga ya mkono na kamba ya kuufungia uzi, kama dola 25. Jumla yake haifiki elfu 31, kwa hiyo katika elfu 50 zako inabaki ya kutosha kumwekea mama watoto mezani sehemu ya hiyo karo, nawe uitaje kwa jina.

Shabaha usinunue. Jaza gunia la kilo 90 nguo kuukuu mpaka lisiingie kidole, lishone, liegemeze kwenye ukuta wa udongo au mteremko usio na njia ya watu nyuma. Anza mita 10. Usiongeze hatua mpaka mishale yako yote sita ikae kwenye sahani. Kwenye Olimpiki wanalenga kutoka mita 70 shabaha ya upana wa sentimita 122, na ile duara ya kumi katikati ni sentimita 12.2 tu, kwa hiyo una kazi ya miaka mbele yako bila kumwaga damu ya kanga.

Kuhusu binti yako, miaka 10 inatosha kabisa, kwa upinde wa pauni 10 hadi 12 ulio wa kwake mwenyewe. Usimpe wa kwako akaukokota. Mkufunzi ndiye amfundishe kabla yako, asije akarithi makosa yako. Asivute bila mtu mzima kando yake, na asiende kuchomoa mishale mpaka kila upinde uwe umewekwa chini. Ila mazungumzo na mama yake yatangulie hata haya, na kama mama atasema mtoto asiguse, mtoto asiguse.

Mjomba wako.